Kila Mama Alificha Kimoja

"Huu sio wa mama."

Binti alikirudisha kipande cha mkate kwenye sahani, taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha wenyewe asije akalaumiwa.

"Ni wenyewe," baba yake alisema. "Labda umepoa tu."

"Baba, usimdanganye mwenzio. Mkate ni mzuri, sikatai. Ila sio wa mama, na wewe unajua."

Mama Mpishi alikuwa bado amesimama, kisu cha kukatia mkate mkononi. Alikuwa mjane, mpishi wa shule ya chekechea, na mtaa mzima haukumjua kwa jina jingine. Mwenye nyumba alikuwa Fundi Saa, mjane mwenzake. Walianza kuzoeana siku alipompelekea saa ya ukutani ya marehemu mumewe, iliyosimama tangu msiba. Fundi aliifungua, akaipulizia vumbi, akasema, "Hii haijafa, imechoka tu." Basi saa ikapona, lakini safari za kwenda kuitazama kama inakwenda vizuri hazikuisha, mpaka mzee wa watu akamwambia wazi kwamba anataka kumwoa.

Siku hiyo ndiyo ilikuwa ya kutambulishwa kwa binti, mtoto pekee wa Fundi, muuguzi, mwenye macho ya kuhesabu matone. Kwenye simu alikuwa ameomba kitu kimoja tu: apikiwe mkate wa tangawizi wa marehemu mama yake, kama ulivyoandikwa kitabuni.

Kitabu chenyewe kila nyumba ya umri ule ilikuwa nacho. Zamani kina mama wa jumuiya waliamua kukusanya mapishi yao, kila mmoja atoe lake. Yakapigwa taipu, yakashonwa kwa uzi ndani ya jalada la buluu, na chini ya kila pishi pakaandikwa mwenyewe: Mke wa Seremala, Mke wa Mwalimu, Mke wa Fundi Saa. Wengi wao sasa walikuwa wametangulia mbele ya haki. Mama Mpishi alikuwa na nakala yake, kurasa zimeshikana kwa mafuta, na miezi ile yote alikuwa akimpikia Fundi kutoka humo, leo pishi la huyu, kesho la yule.

"Mimi sijaja kuvunja neno la watu wazima," binti aliendelea, na sauti yake haikuwa ya ugomvi, jambo lililoumiza zaidi. "Upweke wa baba nauona. Ila atakayesimama kwenye jiko la mama yangu, basi angalau mkate wa mama uendelee kuokwa. Ni hilo tu, Mama Mpishi. Kitabu unacho."

"Kitabu ninacho."

"Basi."

Mama Mpishi akamgeukia Fundi. Alitaka neno moja tu, hata kama ni "mwanangu, taratibu." Fundi alikuwa akifuta miwani yake kwa ncha ya kitambaa cha meza. Mtu anayesikia mlio wa saa ndogo ndani ya kabati lililofungwa, siku hiyo alikuwa hasikii kitu.

Mama Mpishi alirudi nyumbani na bakuli lake, lile lile alilokwenda nalo.

Wifi yake alikuwa akimsubiri. Huyu alikuwa dada wa marehemu mumewe, seremala, naye mjane, wakiishi nyumba za kupakana, dirisha la jiko la huyu likitazama la yule. Kama wangegombana, wasingepata pa kutazama. Aliposikia habari yote alicheka kwanza, kisha akaona uso wa mwenzake, akaacha.

"Ulifuata kitabu?"

"Neno kwa neno. Unga, siagi, sukari guru, mayai mawili, tangawizi, hamira, maji ya uvuguvugu. Hakuna nilichopunguza."

"Basi binti ana lake jambo."

"Hana. Anasema kweli." Mama Mpishi alifungua ukurasa ule akaulaza mezani. "Wifi, mbona unajisahaulisha? Sisi wenyewe tulikuwapo. Kila mama alificha kimoja."

Wifi akatabasamu kwa mbali. Ilikuwa kweli. Siku zile za kukusanya mapishi, hakuna aliyeambiwa afiche, na hakuna aliyeacha kuficha. Kila mmoja alitoa kwa mkono wa kulia, wa kushoto akauweka nyuma ya mgongo. Walisema ukivitoa vyote, mumeo atakuja kusifia cha jirani. Ndiyo maana kitabu kilijaa vyakula vizuri ambavyo havikuwahi kufanana na vya wenyewe.

"Mimi kwenye maandazi yangu niliacha iliki," wifi alikiri. "Na wewe kwenye supu yako ya maharage uliacha nini? Maana nimeipika miaka yote, marehemu mume wangu alikuwa akiila huku anatazama dirisha lako."

"Hilo lilikuwa la kaka yako na mimi."

"Kaka yangu yuko kaburini, wifi. Na mficha uchi hazai."

"Kwa umri huu unataka nizae nini?"

Walicheka kidogo, kicheko cha watu waliozika. Lakini Mama Mpishi hakulijibu lile swali, akafunga kitabu.

Kesho yake, watoto wa chekechea walipolala usingizi wa mchana, alimpigia Fundi simu.

"Nataka unikumbushe jambo. Siku ambazo marehemu alikuwa anaoka ule mkate, ulikuwa unaona anafanya nini?"

"Mimi? Mimi nilikuwa naona mkate ukifika mezani."

"Hujawahi kuingia jikoni kwako?"

"Hakupenda. Alisema nina mikono ya kupekua." Fundi akacheka peke yake. "Ninachokumbuka ni uchoyo wake tu. Mwanamke mkarimu kwa kila mtu, lakini siku ya mkate nikitaka kikombe cha pili cha chai ananipiga mkono. Chai ya rangi imejaa birika, nzito, nyeusi, na hakuna ruhusa kuigusa. Asubuhi nzima inapoa tu."

Mama Mpishi aliegemea ukuta wa jiko la shule.

"Mama? Upo?"

"Nipo," alisema. "Ahsante. Njooni Jumapili, wewe na binti."

Hakuwa mchoyo yule mwanamke. Kitabuni aliandika maji, na hakuweka maji.

Jumapili ile Mama Mpishi alisali kwanza, kama alivyosali kila mara kabla ya kuwasha tanuri. Akapika chai nzito, akaiacha ipoe hadi uvuguvugu, akaukandia unga. Mara ile ile donge likabadilika rangi, likawa la udongo mwekundu, na harufu iliyopanda haikuwa ya tangawizi tena wala ya chai, ilikuwa ya nyumba ya mtu. Alijisikia kama amefungua mlango bila kubisha.

Walikuja. Walikaa. Binti aliinua kipande, akakinusa kabla hajala, na hapo hapo macho yake yakajaa. Alikula, akaomba kingine, akakishika kwa mikono miwili kama watoto wa chekechea wanavyoshika vyao.

"Umeupata," alisema. "Umeupata, jamani. Mama."

Haikujulikana anamwita nani.

Fundi alimega kipande kimoja. Alitafuna. Akaacha kutafuna. Akamtazama Mama Mpishi, kisha akatazama mlango uliokuwa nyuma yake, ambao haukuwa na mtu. Akaweka kilichobaki sahanini, akasimama, akasema samahani kwa sauti ya mtu mwenye baridi, akatoka. Walidhani anakwenda kunawa. Alikwenda zake.

Tangu siku ile hakuonekana. Hakupita shuleni, hakupiga simu. Jumatano ujumbe ukaingia:

"Nisamehe. Sijui kilichonipata. Mkate ulikuwa wenyewe."

Mama Mpishi aliusoma akiwa amesimama. Aliandika jibu, akalifuta, akaandika tena lile lile:

"Ukinitazama unamwona nani?"

Alama ikaonyesha umesomwa. Jibu halikuja siku hiyo, wala iliyofuata, wala wiki iliyofuata. Kimya kina maneno yake, na mjane ni mtu aliyezoea kuyasoma. Wifi alisema aende akamtoe dukani kwa kelele, watu wasikie. Mama Mpishi alisema hajafundishwa kwenda kwa mwanaume kwa kelele, atakwenda kwa heshima, na atakwenda mara moja.

Alikwenda mchana, saa ya jua kali ambapo wateja huwa wachache. Duka la Fundi lilikuwa jembamba kama ushoroba, saa ukutani juu mpaka chini, kila moja ikisema yake. Fundi alikuwa ameinamia meza, lenzi jichoni. Alipomwona aliivua, akasimama, akamvutia kigoda.

"Sitakaa sana," Mama Mpishi alisema. "Nimekuja kukuaga vizuri, tusije tukakutana njiani kama watu waliotukanana."

"Kuniaga kwenda wapi?"

"Kwangu. Kwani nilikuwa nimefika wapi?" Alitazama mikono yake. "Binti yako aliposema sharti lake, wewe ulifuta miwani. Nikasema sawa, nitafute alichoficha marehemu. Nikakitafuta, nikakipata. Ulipokionja ukamtafuta yeye mlangoni, na mimi niko mbele yako nimesimama na aproni. Nilikuona. Fundi, mimi namheshimu marehemu, na Mungu ampe pumziko. Lakini mimi sio birika la kuwekea chai ya jana."

Saa moja ukutani iligonga, nyingine zikafuata, kila moja kwa wakati wake. Fundi alingoja zimalize.

"Nilimwona kweli," alisema. "Sitakudanganya. Nilimwona, nikafurahi. Halafu nikakuona wewe, nikapata aibu, maana nilikaa kimya siku ile ukaenda kumfufua mtu kwa ajili yangu. Hilo la kunyamaza ni kosa langu. Wala si binti, ni mimi. Ningesema neno moja, usingeteseka."

"Mbona hukujibu ujumbe wangu?"

"Kwa sababu nilitaka kukuuliza swali lile lile, nikaona nani mimi wa kuuliza."

"Uliza."

Fundi alivuta droo, akatoa kitabu chenye jalada la buluu, kile cha nyumbani kwake. Hakukifungua.

"Umenipikia viazi vya mke wa mwalimu. Umenipikia kuku wa mke wa dereva. Pishi la kila mama humu nimelila kutoka mkononi mwako. Ukurasa wa nyuma ya mkate wa mke wangu kuna supu ya maharage. Mke wa Seremala. Hiyo sijawahi kuionja."

Mama Mpishi alilitazama jalada lile la buluu.

"Nilifikiri utanipikia siku moja. Nikangoja. Mimi kosa langu liko wazi, kila mtu ameliona mezani. La kwako umelifunika sufuriani. Sasa na mimi nakuuliza, Mama. Ukinitazama, unamwona nani? Fundi Saa, au mtu wa kupikiwa vya wengine ili seremala asisikie wivu?"

Maneno yale yalimwingia mahali ambapo hapakuwa na mlango. Aliinuka. Alitaka kukasirika, akakosa pa kuanzia. Kweli, tangu wamzike mumewe, maharage alipika ya shule tu, ya watoto. Ile supu hakuigusa. Alisema moyoni ni uaminifu, na pengine ulikuwa uaminifu, lakini kumbe alikuwa akimwalika mwanaume kwenye nyumba ambayo chumba kimoja kimefungwa, halafu anamlaumu kwa kuwa na chumba chake.

"Kwaheri, Fundi," alisema, na hakujua kama ni ile kwaheri aliyokuja nayo.

Siku chache baadaye binti alibisha mlangoni kwake, bado na sare ya kazi, viatu mkononi kwa uchovu. Alipokaribishwa kukaa alikaa pembeni pembeni, kama mgonjwa.

"Baba hali vizuri," alisema. "Anafungua saa ambazo hazijaharibika, anazifunga tena. Nimekuja kukwambia jambo langu mimi. Nilikuomba ule mkate nikijua hutauweza. Shangazi walishajaribu, majirani walishajaribu. Nilitaka ushindwe, ili nisiwe mimi niliyekataa."

"Nilijua."

"Ulijua, na bado ukaupika?"

"Ulikuwa na njaa nao, mwanangu. Mtu mwenye njaa huwezi kumnyima kwa sababu ameomba vibaya."

Binti aliinamisha kichwa. Mama Mpishi akamwambia anawe mikono aje jikoni. Akamwonyesha yote: chai ipikwe nzito kiasi gani, ipoe kiasi gani, unga uvute kidogo kidogo usizame. Binti alipoambiwa kilichofichwa, alijipiga paji la uso. Alikua na birika lile mbele ya macho yake, na aliliosha yeye.

"Mkate huu ni urithi wako, sio wangu," Mama Mpishi alimwambia. "Mimi nilipita tu kuuchukua ulipokuwa umesahaulika. Sitauoka tena nyumbani kwa baba yako. Ukiutaka uendelee, uoke wewe. Na mimi ukinialika, nitakuja kula."

Mkate ulipotoka ulikuwa umeinama upande mmoja kama kofia ya mlevi. Binti aliutazama, akacheka huku anajifuta machozi kwa kiwiko.

"Na wewe utampikia nini baba?"

"Hilo sijui bado."

"Mpikie chako, Mama Mdogo," binti alisema, na neno lile lilitoka bila kusukumwa. Wote wawili walilisikia.

Alipokwenda, Mama Mpishi alikaa kwa muda mrefu chini ya saa ya seremala. Alisali. Hakuomba ruhusa, maana wafu hawaombwi ruhusa. Alimshukuru Mungu kwa mume aliyempa kwanza, akamtaja kwa jina alilokuwa akimwita wakiwa wawili tu, akasema amina. Kisha akaloweka maharage.

Asubuhi akamwandikia Fundi:

"Njoo mchana. Uje na njaa. Saa uziache dukani."

Jibu lilikuja kabla hajaweka simu chini:

"Nakuja."

Alikuja na shati lililopigwa pasi upande wa mbele tu, dalili ya mwanaume anayeishi peke yake. Alielekea mezani kama alivyozoea, akavuta kiti. Mama Mpishi akatikisa kichwa.

"Huku."

"Jikoni?"

"Kwani mikono yako ya kupekua umeiacha dukani pia?"

Fundi aliingia kwa hofu, kichwa kimeinama ingawa mlango ulikuwa mrefu wa kumtosha. Maharage yalikuwa yameiva, yamelainika, yanatokota polepole. Pembeni jiko la mkaa liliwaka jekundu. Mama Mpishi alimpa kitunguu kizima, na maganda yake, na koleo.

"Kitabuni nimeandika kitunguu kikatwe, kikaangwe," alisema. "Wote wamekikata, wote wamekikaanga. Wewe kiweke kwenye mkaa."

"Na maganda?"

"Na maganda."

Alikiweka. Kilianza kulia, kikatoa povu, kikafuka moshi. Fundi akanyoosha koleo akigeuze kwa haraka, Mama Mpishi akamshika mkono.

"Kiache. Kiungue hasa, kiwe cheusi nje. Ndani kinakuwa kitamu. Halafu ndiyo kinatumbukia kwenye sufuria." Hakuuachia mkono wake. "Hili hakuna mtu hai anayelijua. Sasa tunalijua wawili, mimi na wewe. Nimekujibu swali lako?"

Fundi aliuhamishia koleo mkono wa kushoto, ili ule wa kulia ubaki pale uliposhikwa.

"Mimi ninakuona wewe," alisema. "Na moshi."

Ndoa yao ilifungwa baadaye, mchana mweupe, kwa watu wachache. Binti alileta mkate wa tangawizi ulionyooka vizuri, akaukata yeye mwenyewe. Lakini wao wakiulizwa walioana lini, husema ni siku ya supu, na hawaelezi zaidi.

Siku hiyo ya supu, wakiwa bado wamesimama hivyo mbele ya jiko, harufu ikavuka dirisha, na upande wa pili wifi akainuka mbio na kanga begani.

"Wifi! Wewe wifi! Kuna kitu kinaungua huko!"

"Najua," Mama Mpishi alimjibu, bila kugeuka. "Kiache kiungue."